Mercedes-Benz W124: Matunzo na Urejeshaji wa Gari la Kifahari Lililozeeka

Mercedes-Benz W124 ni gari la saluni lililoundwa Ujerumani kuanzia mwishoni mwa 1984 hadi 1995. Lilichukua nafasi ya W123, kisha nalo likaipisha W210. Ukijumlisha saluni, steshenwagoni, kupe na yale ya paa la turubai, yalitoka kiwandani zaidi ya milioni 2.5. Afrika Mashariki lilikuwa gari la mawaziri, mabalozi, wakurugenzi wa mashirika na wafanyabiashara wakubwa, na mpaka leo halijapotea barabarani. Yapo yanayokwenda kazini kila siku, yapo yanayotolewa Jumapili tu, na yapo yaliyolala nyuma ya gereji yakisubiri fedha au kipuri.

Kazi zinazofanywa kwenye gari la namna hii ni za aina tatu. Matunzo ni kubadili vitu vinavyochakaa kwa matumizi kabla havijaharibu vingine: oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, vichujio, mikanda. Ukarabati ni kurudisha kazini kitu kilichokwisha kuharibika. Urejeshaji ni kulirudisha gari zima karibu na hali iliyokuwa nayo lilipotoka kiwandani, ndani, nje na chini ya uvungu. Wengi huzichanganya kazi hizi, na hapo ndipo fedha zinapopotelea. W124 nyingi zilizolala hazihitaji urejeshaji. Zinahitaji matunzo yaliyorukwa kwa miaka kumi yafanywe yote, tena kwa mpangilio.

Bei ya kununua na bei ya kumiliki

Gari la kifahari hushuka bei haraka kuliko gari la kawaida, lakini vipuri vyake havishuki pamoja nalo. Anayenunua W124 kwa bei ya chini hununua pia mfumo wa miguu ya nyuma wenye mikono mitano kila upande, gia ya otomatiki yenye mabomba ya vakyumu, na injini iliyobuniwa kuhudumiwa na fundi mwenye vipimo. Rahisi huwa ghali kwa sababu hiyo: aliyeliuza mara nyingi ameshapiga hesabu ya kazi zinazokuja akaona zinazidi thamani ya gari.

Sheria za uingizaji magari nazo zimebana idadi. Kenya haipokei kwa njia ya kawaida gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Kwa hiyo W124 zilizopo ndizo hizo hizo, na kila inayokatwakatwa hupunguza hesabu. Jambo hilo lina faida moja: zile zinazokufa huacha milango, taa, vioo na vipande vya ndani ambavyo nyingine zinavihitaji.

Bodi ndiyo mwamuzi

Ukaguzi wa W124 huanza kwenye bati, si kwenye injini. Injini inaweza kushushwa, kuovahooliwa au kubadilishwa kwa nyingine. Bodi iliyooza haina mbadala.

Sehemu za kutazama zinajulikana. Kwanza ni mahali pa kuingizia jeki, chini ya milango. Toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 1989 lina mabamba mapana ya plastiki ubavuni, na nyuma ya mabamba hayo tope na maji hukaa bila kuonekana. Gari linaweza kung'aa kwa nje huku bati la chini limegeuka unga. Kifuniko kidogo cha tundu la jeki kikivutwa na bisibisi ikasukumwa ndani, bati zima hujibu kwa mlio mgumu. Lililooza hupokea ncha na kumwaga vumbi jekundu. Pili ni ndani ya mapango ya magurudumu ya mbele, hasa pale springi inapoegemea, kwa kuwa sehemu hiyo hubeba uzito wa gari. Tatu ni chini ya betri, ambako tindikali hudondoka. Nne ni sakafu ya buti na ukingo wa chini wa kioo cha nyuma, ambako raba iliyokauka hupitisha maji ya mvua.

Magari ya miaka ya mwisho hayapaswi kuaminiwa kwa sababu tu ni mapya zaidi. Kiwanda kilipohamia kwenye rangi zinazoyeyushwa kwa maji mwanzoni mwa miaka ya 1990, mengi ya kipindi hicho yalipata kutu mapema kuliko yaliyotangulia. Mahali gari lilipoishi napo pana uzito. Lililokaa Nairobi, Arusha au Mbarara huwa na uvungu mkavu. Lililokaa Mombasa, Tanga au Unguja limekunywa hewa ya chumvi kwa miaka thelathini.

Matengenezo sahihi ya kutu ni kukata bati bovu mpaka kwenye bati zima, kuchomelea kipande kipya, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha kupulizia nta ndani ya mashimo ya bodi. Mabawa ya mbele ni ya kufungwa kwa bolti, hivyo kuyabadilisha ni kazi nyepesi. Kupaka puti juu ya kutu hulipendezesha gari kwa msimu mmoja na kuificha kazi halisi kwa atakayefuata.

Injini

Injini za W124 ni za familia kadhaa. Za petroli za awali ni M102 ya silinda nne, iliyotumika kwenye 200 na 230E, na M103 ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, iliyotumika kwenye 260E na 300E. Baadaye zikaja M104 yenye valvu 24 na M111 ya silinda nne. Za dizeli za awali ni OM601, OM602 na OM603, zenye silinda nne, tano na sita. Kileleni kulikuwa na 500E ya silinda nane, ambayo Porsche ilishiriki kuiunda.

M103, pamoja na M102 ya 230E, hutumia mfumo wa Bosch uitwao KE-Jetronic, ambao hugawa petroli kwa njia ya kimakanika huku kompyuta ndogo ikirekebisha mchanganyiko. Ni mfumo unaodumu mradi petroli iwe safi. Adui zake ni maji, uchafu na gari kukaa muda mrefu bila kuwashwa, kwa sababu kigawanyio cha mafuta kina njia nyembamba sana zinazoziba kwa kutu na utomvu wa petroli iliyolala. Injini inayowaka vizuri asubuhi lakini ikasumbua kuwaka ikiwa ya moto mara nyingi imeshindwa kushikilia presha ya mafuta baada ya kuzimwa. Fundi mwenye geji ya presha hulijua hilo mapema. Asiye nayo huanza kubadili plagi, kisha koili, kisha pampu, na mwenye gari hulipia vyote.

Moshi wa buluu unaotoka kwa muda mfupi gari linapowashwa baada ya kulala ni dalili ya sili za valvu zilizokauka, ugonjwa wa kawaida wa M103. Sili hizo hubadilishwa bila kuivua silinda hedi. Moshi usiokoma hata injini ikishapata moto, pamoja na kupungua kwa oili na nguvu, huelekeza kwenye ringi za pistoni, na hapo hesabu hubadilika. M104 hujulikana kwa kuvuja oili kwenye gasketi ya silinda hedi na kwenye kifuniko cha mbele cha cheni ya taimingi.

Dizeli zimejijengea sifa ya kuishi miaka mingi, na sifa hiyo ni ya haki. Pampu yake ya mafuta hulainishwa na oili ya injini, na injini haitegemei kompyuta ili iungurume. Injini hizi huzimwa kwa vakyumu. Bomba dogo la vakyumu likipasuka, dereva atageuza ufunguo, ataushika mkononi, na injini itaendelea kuunguruma. Upo wenzo wenye maandishi ya STOP kwenye pampu ya kuizimia kwa mkono, lakini dawa ni kutafuta mahali vakyumu inapovuja.

Oili ya 15W-40 au 20W-50 inafaa kwa hali ya hewa ya ukanda huu, na kuibadilisha mapema pamoja na kichujio ndiyo bima ya bei ya chini kuliko zote.

Joto

Injini za M103, M104 na dizeli zilizotajwa zina bloku ya chuma cha kalibu na silinda hedi ya aluminiamu. Metali hizo mbili hutanuka tofauti. Injini ikichemka mara moja, silinda hedi inaweza kupinda, gasketi ikaungua, au hedi yenyewe ikapasuka. Hivyo mfumo wa kupoza ndio wa kwanza kushughulikiwa baada ya breki, hata kama gari halijawahi kulalamika.

Kazi yenyewe haina siri. Maji huondolewa yote, mfumo husafishwa, kisha hujazwa mchanganyiko wa dawa ya kupoza na maji safi. Dawa hiyo ina kazi hata Dar es Salaam ambako hakuna barafu: hupandisha kiwango cha kuchemka na huzuia aluminiamu isiliwe. Maji matupu ya bomba huacha chokaa ndani ya rejeta na kutoboa hedi taratibu. Kiwanda kilitaka dawa hiyo ibadilishwe kila miaka mitatu.

Rejeta ya W124 ina vichwa vya plastiki, na shingo inayoshika mpira wa juu huwa tete kwa umri. Ikikatika barabarani, maji yote humwagika ndani ya dakika chache. Feni ya injini huendeshwa na klachi yenye mafuta mazito inayopaswa kushika injini ikipata moto; ikichoka, mshale hupanda kwenye foleni na kushuka gari likikimbia. Kutoa themostati kabisa, jambo ambalo baadhi ya gereji hulifanya kama tiba, huiacha injini ikifanya kazi baridi, ikila mafuta na kulika mapema, huku chanzo cha joto kikibaki palepale.

Gia na shafti

Gia otomatiki ya spidi nne ni imara, lakini wengi huamini kuwa haihitaji huduma. Inahitaji oili mpya na kichujio kila baada ya kilomita 60,000 hivi. Hapa huwa kuna kosa linalojirudia: fundi hufungua nati ya sampu pekee, na sehemu kubwa ya oili chafu hubaki ndani ya toki konveta. Konveta ya gia hizi ina nati yake ya kumwagia. Injini huzungushwa taratibu kwa spana mpaka nati itokeze kwenye uwazi wake. Kipimo cha oili huchukuliwa gia ikiwa ya moto, injini ikiwa imewashwa na gia ikiwa kwenye P. Tofauti kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita 0.3 tu, kwa hiyo kuongeza oili kwa kukisia huijaza kupita kiasi.

Gia inayogonga ikibadilika si lazima iwe imekufa. Mara nyingi kebo ya gia imelegea, au bomba la vakyumu linaloiambia gia mzigo wa injini limepasuka. Hayo hukaguliwa kabla ya kuishusha. Shafti inayopeleka nguvu nyuma imeunganishwa kwa diski za mpira mwanzoni na mwishoni, na katikati ina beringi. Mpira ukipasuka gari hutetemeka na kutoa kishindo kizito wakati wa kuondoka.

Miguu, usukani na breki

Utulivu ambao W124 ilisifiwa nao unatoka kwenye mikono mitano ya kila gurudumu la nyuma, teknolojia iliyoanzia kwenye modeli ndogo ya 190 mwaka 1982. Kila mkono una busha, na busha zikilika gari huanza kuyumba mkia. Mbele, busha za mkono wa chini na boljointi huchoka mapema kwenye barabara za makorongo. Usukani ni wa boksi, na mchezo unaosikika mkononi mara nyingi hutokana na tairodi au busha za wenzo wa pembeni. Busha hizo ni za bei ndogo, lakini hupuuzwa huku boksi nzima ikilaumiwa na kukazwa mpaka inaharibika.

Zipo kanuni mbili za kazi hii. Ya kwanza, busha hukazwa kwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa miguu ikiwa inaning'inia, mpira hujipinda gari linaposhushwa na kupasuka baada ya miezi michache. Ya pili, vitu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia. Breki hazina mjadala: mafuta yake hunyonya unyevu wa hewa, hivyo hubadilishwa kila mwaka mmoja hadi miwili, na mipira ya breki ya umri wa gari hutupwa hata kama inaonekana nzima.

Umeme

Kasoro nyingi za umeme kwenye W124 zinatoka mahali pachache. Nyuma ya betri kuna rilei ya kulinda vifaa dhidi ya volti kupita kiasi, ambayo ina fyuzi juu yake. Lehemu ndani ya rilei hiyo hupasuka kwa joto la miaka mingi. Matokeo yake ni taa ya ABS kuwaka na kuzimika, na injini kunguruma kwa kusitasita gari likiwa limesimama. Ni kifaa kinachotosha kiganjani, lakini kimesababisha watu kubadili kompyuta na kigawanyio cha mafuta bila sababu. Kikifunguliwa, lehemu iliyopasuka huonekana kama duara jembamba kuzunguka mguu wa waya.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye magari ya takriban 1992 hadi 1995 yenye injini za M104 na M111. Waya za injini za kipindi hicho zilivikwa plastiki iliyokusudiwa kuoza kirahisi baada ya gari kutupwa, nayo huoza gari likiwa bado linatembea. Ukiukunja waya karibu na injini, ganda hukatika na kumomonyoka, shaba ikabaki wazi. Kuzungushia tepu ni kuahirisha hasara, kwa sababu waya zikigusana zinaweza kuunguza kompyuta. Dawa ni waya mpya wote, na mnunuzi anapaswa kuuliza kama kazi hiyo imeshafanywa. Magari ya awali ya M103 na dizeli hayana balaa hilo.

Milango nayo hujifunga kwa vakyumu kupitia pampu ya umeme, na wipa ni moja tu, yenye mtambo unaoirefusha na kuifupisha ili ifute asilimia 86 ya kioo cha mbele. Mtambo huo unataka grisi. Wipa inayolia na kwenda polepole imeshakauka ndani.

Ndani na nje

Jua la tropiki hupasua dashibodi, hukausha ngozi na kufumua vena za mbao. Ngozi husafishwa na kupakwa mafuta yake. Iliyochanika hushonwa upya na mafundi wa siti, ambao miji mikubwa ya ukanda huu haina uhaba nao. Kiyoyozi ni kazi ya kupangwa kwa uangalifu. Magari ya kabla ya mwanzo wa miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R12, iliyoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Kuhamia R134a kunataka oili nyingine ya kompresa, mipira mipya na kikaushio kipya. Evapureta imejificha nyuma ya dashibodi, na ikitoboka dashibodi nzima hutolewa. Kwa sababu hiyo, anayetoa dashibodi kwa shughuli nyingine yoyote hukagua evapureta papo hapo.

Rangi huja mwisho. Namba yake imegongwa kwenye kibati kilichoko mbele ya injini: 040 ni nyeusi, 147 ni nyeupe. Gari linalotarajiwa kushindanishwa, kwa mfano kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi ambayo chimbuko lake ni 1970, hupaswa kubaki na rangi yake ya asili na vifaa vya wakati wake, na majaji hutazama pia injini na uvungu.

Vipuri na mafundi

Vipuri vya W124 hupatikana kwa njia tatu. Vipya vya asili hutoka kwa Mercedes-Benz yenyewe, ambayo ina kituo cha magari ya kale huko Fellbach, Ujerumani, kilichofunguliwa mwaka 1993. Vya pili ni vya viwanda vilivyokuwa vikiiuzia Mercedes tangu mwanzo, kama Bosch, Lemförder, Sachs, Behr na Mann. Ubora wake ni ule ule na bei huwa chini. Vya tatu ni vilivyotumika, ambavyo masoko kama Gerezani Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga Nairobi na Kisekka Kampala huvitoa. Vipuri vya mtumba vinafaa kwa bodi, vioo na mapambo ya ndani. Mipira, boljointi, pampu za maji na vitu vya breki hununuliwa vipya, na boksi lenye jina kubwa kwa bei ya kutupa huwa na feki ndani.

Upande wa usukani usisahaulike. Kenya, Tanzania na Uganda huendesha kushoto, wakati Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Dashibodi, vifaa vya usukani na vioo vya taa za mbele havibadilishani. Vinavyofaa hutoka Uingereza na Afrika Kusini, ambako W124 iliundwa pia, katika kiwanda cha East London.

Wapo wanaotoa injini ya asili iliyokufa na kuweka ya Toyota. Gari hutembea na spea za injini zikawa rahisi, lakini gia, vipimo vya dashibodi na mfumo wa umeme huwa havikubaliani tena, na thamani ya gari kama gari la kale hupotea. Kwa gari la kazi hilo linaeleweka. Kwa gari la kurejeshwa ni kulivunja.

Mpangilio wa kazi

Anayeanza na W124 iliyolala ana mpangilio mmoja unaolinda fedha zake. Kwanza hukagua bodi na kuamua kama gari linastahili. Pili hubadili vimiminika vyote: oili ya injini, ya gia, ya difu na ya usukani, mafuta ya breki, maji ya kupoza, na hukamua tangi la petroli iliyolala. Tatu hushughulikia breki, matairi na kupoza. Nne huja umeme na vakyumu, tano miguu na usukani. Baada ya hapo gari huendeshwa miezi kadhaa ili kasoro zilizobaki zijitokeze zenyewe. Ndani, kiyoyozi na rangi hufuata. Kila hatua huandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe na kilomita, maana gari lenye kumbukumbu huuzwa kwa bei nzuri kuliko lenye maneno.

Wengi huanza na rangi na rimu kwa sababu ndizo zinazoonekana, kisha fedha huisha kabla ya rejeta na busha. W124 yenye bati zima, hata ikiwa na injini iliyokufa, inastahili kurejeshwa. Yenye bati lililooza chini ya springi na milango iuzwe kwa spea, hata kama injini yake inaunguruma vizuri; vipande vyake vitaziweka barabarani nyingine tatu.